Herufi Inayoegemea: Mhadhara wa Lushoto juu ya Unene, Mlazo na Jina la Kinyonga



Jana nilipanda kutoka Mombo kwa Coaster. Nililiona jina la gari stendi, silitaji hapa, limeandikwa kwa herufi nene nyekundu zilizoinama kama mkimbiaji anayeutafuta utepe. Njia ile ni kilomita 33 hivi, na kona za kuelekea Soni tulizipanda kwa mwendo wa mama aliyebeba kapu la viazi. Herufi zinakimbia, gari linatambaa. Nikacheka peke yangu, jirani yangu akadhani nasoma simu.

Tuliposimama Soni nikashuka kununua mapichi. Nilipogeuka kurudi garini nikaona jambo ambalo nimelipita miaka yote bila kuliona. Upande wa mlango, herufi zile hazikuinamia mbele. Ziliinamia nyuma, kana kwamba mtu amelishika gari mkia. Nikazunguka upande wa dereva: huko zinakwenda mbele vizuri kabisa. Fundi hakukosea. Maandishi yetu yanatoka kushoto kwenda kulia, na mlazo wake siku zote unaelekea kulia. Ukisimama upande wa dereva, pua ya gari iko kuliani kwako, basi herufi na gari vinakwenda pamoja. Ukisimama upande wa mlango, pua iko kushotoni, na herufi zinalipinga gari. Nchi yetu inaendesha kushoto, kwa hiyo abiria wote wanapandia upande ule ambao gari linaonekana linarudi Mombo.

Coaster hiyo ndiyo iliyonipa mhadhara huu. Nataka tuizungumzie sura moja tu ya herufi: nene, ya mlazo, isiyo na vijiguu. Kila kompyuta ya steshenari inayo, kila bango la ofa linayo, na wengi wetu tunaipata kwa kubofya kitufe cha B kisha kitufe cha I bila kujiuliza tumetaka nini. Dai langu ni kwamba sura hii ina kazi chache sana, na katika Kiswahili ni chache zaidi. Lakini ipo kazi moja ambayo haina mwenzake wa kuifanya, na kazi hiyo iko hapa hapa Usambara, tena msituni.

Kwanza tuelewane maneno. Vijiguu ni vile vijistari vidogo vinavyomalizia ncha za herufi katika vitabu vingi, ambavyo huifanya herufi ionekane imevaa viatu. Herufi isiyo na vijiguu inakanyaga peku. Unene mnaujua. Mlazo, ambao wengine huuita italiki, ni kule kuinama. Na kwa kuwa niko wilaya hii, niwaondoe wasiwasi wenyeji wa Mlalo: herufi za mlazo hazikutoka kwenu. Zilitoka Venice, ambako mwaka 1501 Aldus Manutius alichapa kitabu cha Virgil kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa mkono wa haraka. Wakati huo mlazo haukuwa wa kusisitiza chochote. Kitabu karibu chote kilikuwa cha mlazo, kidogo cha kutia mfukoni. Herufi za peku zilichelewa sana. Ya kwanza ya Kilatini iliyouzwa kwa wachapaji ilitoka London kwa William Caslon wa nne mwaka 1816, nayo ilikuwa na herufi kubwa tu. Kwa hiyo mlazo na upeku ni watu wa nyumba mbili walioozeshwa uzeeni, na kama ndoa nyingi za namna hiyo, kuna mambo hayajakaa sawa mpaka leo.

Jambo kubwa lisilokaa sawa ni hili. Mlazo wa Griffo ulikuwa mwandiko: umbo la herufi lenyewe lilibadilika, kalamu ilipita njia nyingine. Mafundi wa herufi za peku, wengi wao, hawakubadilisha umbo. Walichukua herufi iliyosimama wakaisukuma iegemee, mara nyingi kwa nyuzi kati ya 8 na 12. Helvetica ya mwaka 1957 ndivyo ilivyo, na Univers ya Adrian Frutiger ya mwaka huo huo nayo ilisukumwa tu. Eric Gill alikwenda njia nyingine: katika mlazo wa Gill Sans, fonti iliyotoka 1928, herufi a inavua kofia yake ya juu na kubaki tumbo na mgongo, kama tunavyoiandika kwa mkono shuleni. Hiyo ni tofauti ya kweli. Jicho linaiona hata kabla ya kuona mwinamo.

Msidhani kusukuma herufi ni kazi rahisi. Nyinyi mnalima kwenye miteremko, mnanielewa haraka kuliko watu wa tambarare. Mtu hachukui shamba la bondeni akaliegemeza mlimani likabaki shamba lile lile. Udongo unashuka, maji yanabadili njia, ndiyo maana mnakata matuta. Herufi nayo ikilazwa inamwagika. Chukua o, ya mviringo, yenye unene ulio sawa pande zote. Isukume juu kuelekea kulia. Pembe ya juu kulia na pembe ya chini kushoto zinanenepa, na pembe mbili za upande wa pili zinakonda. Ilikuwa o, sasa ni yai lililokaliwa. Fundi mwenye macho anarudi na patasi, anapunguza huku, anaongeza kule, mpaka msomaji asijue kuwa pamekatwa matuta. Mistari iliyosimama nayo inakonda kidogo ikilazwa, kwa sababu upana wake wa kulala haukubadilika ila mistari yenyewe imeinama. Hiyo pia inajaziwa.

Sasa ongeza unene. Herufi nyingi zina tumbo, ule uwazi wa ndani wa a, e, b, o. Unene unakula tumbo. Katika herufi nyembamba, kosa la mlazo ni aibu ndogo. Katika herufi nene, matumbo yanazibika na neno linakuwa doa. Fundi wa herufi nene ya mlazo anafanya kazi mahali penye nafasi finyu kuliko wenzake wote, na nathubutu kusema kwamba fonti hupimwa hapo. Ukitaka kujua kama fonti imetengenezwa kwa moyo, usitazame ile ya kawaida, maana hiyo kila mtu huihangaikia. Fungua ile nene ya mlazo, utazame e na s.

Na Kiswahili kina mitihani yake ambayo wachoraji wa Ulaya hawakuifikiria sana. Herufi a ndiyo inayojitokeza kuliko zote katika maandishi yetu. Kisha tuna w na k kila mahali, herufi ambazo kwa baadhi yao ni wageni wa mara moja moja. Andika "wawakilishi wa wakulima wakikutana" kwa herufi nene ya mlazo, halafu rudi nyuma hatua tano. w ina miguu minne iliyokwisha kuinama yenyewe, miwili huku na miwili kule. Ukiilaza, miguu inayopanda kulia inazidi kulala, na ile inayoshuka inakaribia kusimama wima. Ukiwa na w moja, haisumbui. Ukiwa na tano katika mstari, mstari unakuwa uzio uliobomolewa na ng'ombe. Na huyo ng'ombe mwenyewe ana ritifaa yake, ile alama ya juu baada ya ng, ambayo katika fonti nyingi za mlazo hugonga kichwa cha herufi inayofuata. Nikipewa fonti mpya, maneno yangu ya majaribio ni mawili: "wakwezi" na "ng'ambo". Ikipita hapo, nailipia.

Ile a ya Gill iliyovua kofia ina ubaya wake pia kwetu. Kwa mbali, ikiwa nene na karatasi imenyonya wino, inakuwa o. Kwa mtu anayetangaza banda la kupanga na anayetangaza bando la intaneti, hiyo ni hasara ya fedha.

Zamani kosa la ovyo halikuwezekana kirahisi, kwa sababu herufi zilikuwa za risasi. Wengi wenu mnacho nyumbani kitabu cha Kanisa chenye maneno Vuga Press, Soni, ukurasa wa mwanzo. Na kabla ya hapo, huko chini Muheza, mtambo wa misheni ya Kianglikana ya UMCA pale Magila ndio uliotoa sehemu ya kwanza ya Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, kitabu cha watawala wa Vuga wenyewe. Katika uchapaji wa aina ile, kila herufi ilikuwa kipande cha madini kilichokaa kwenye kisanduku chake. Herufi ya kawaida ya ukubwa mmoja ni kasha zima. Mlazo wake ni kasha jingine. Nene ni kasha la tatu, nene ya mlazo ni la nne, na ukitaka ukubwa mwingine unaanza upya. Makasha yote hayo yalinunuliwa kwa fedha na kubebwa. Mchapaji alifikiri mara mbili kabla ya kulaza neno, maana kulaza kulikuwa na bei.

Leo bei hiyo ni kidole kimoja, tena mara nyingi tunapewa bandia. Kompyuta ikikosa sura halisi ya mlazo mnene, haikuambii. Inachukua herufi ya kawaida, inaipaka unene kuizunguka pande zote, inaisukuma, inakukabidhi. Hakuna tuta hata moja lililokatwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuharibu kazi hivyo. Nilichapa vibandiko vya miche ya mkulo, jina lake la kitaalamu *Ocotea usambarensis*, kwa unene na mlazo wa bandia, kwa herufi ndogo, nikaenda kulala. Mwenye kitalu alinipigia simu asubuhi, akauliza kwa upole kama "Ocoteo" ni mti mpya. Nilirudia kazi yote kwa gharama zangu.

Swali la pili ni kubwa zaidi kuliko ufundi: tunalaza neno ili iweje? Mwingereza amezoea kulaza neno ili kulitia mkazo, kwa sababu lugha yake inaliacha neno pale pale na kuitegemea sauti. Katika karatasi sauti haipo, basi mlazo unaishika nafasi yake. Sisi mkazo wetu tunautia ndani ya neno. Juma ndiye aliyekuja. Papa hapa. Huyu huyu. Kuja amekuja, kazi hakufanya. Msomaji haachiwi kubahatisha, hata kama sentensi imeandikwa kwa mkaa ukutani. Mhariri anayeongeza mlazo mnene juu ya "ndiye" anatia sukari kwenye muwa.

Wala hatuko peke yetu. Waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, walipotaka jicho lisimame walibadilisha rangi ya wino, wakaingiza wekundu. Herufi za Kiarabu hazikuhitaji kuangushwa. Wajerumani walioujenga mji huu wakauita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, walizoea vitabu vya Fraktur, zile herufi zenye miiba. Fraktur haina mlazo. Walipotaka kusisitiza neno waliachanisha herufi zake. Na kanga, ambayo ndiyo karatasi iliyosomwa kuliko gazeti lolote pwani, huandika jina lake kwa herufi kubwa, nene, za peku, zilizosimama wima. Kanga haihitaji mlazo. Mwili wa aliyeivaa ndio unaolaza.

Basi nimeinyang'anya sura hii kazi ya mkazo. Imebakiwa na nini? Imebakiwa na kutenganisha. Mlazo unasema: neno hili si la ukoo wa maneno yaliyolizunguka. Ni jina la kitabu, au neno la lugha nyingine, au jina la kisayansi la kiumbe. Katika aya ya kawaida mlazo mwembamba unatosha. Lakini neno hilo likiingia ndani ya kichwa cha habari kilicho kinene, au kwenye kibao kinene, lazima liwe nene kama wenzake na lilale tofauti na wenzake. Hapo ndipo herufi nene ya mlazo inapozaliwa kihalali.

Usambara imejaa majina ya namna hiyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, alipeleka kwa baba yake Ujerumani ua dogo la milima hii. Likafika kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akaliita *Saintpaulia ionantha*. Wajerumani hata leo huliita Usambaraveilchen, na linakaa madirishani mwa watu wasiojua Usambara iko wapi. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya *Streptocarpus*, kwa hiyo aliyekuwa na kibao cha zamani ana kazi ya kupaka upya.

Lakini mfano wangu wa kufia ni kinyonga. Mwaka 2006 Tilbury, Tolley na Branch walitenga kundi la vinyonga wa Afrika Mashariki wakalipa jina la jenasi mpya, na jina walilochagua ni neno letu: *Kinyonga*. Yule wa Usambara Magharibi, ambaye dume lake lina pembe mbili puani, anaitwa *Kinyonga multituberculata*. Jamaa yake wa Usambara Mashariki ni *Kinyonga matschiei*. Sasa tengenezeni kibao cha msitu wa Magamba. Mstari wa kwanza, kwa Kiswahili: Kinyonga. Unaofuata, kwa sayansi: *Kinyonga multituberculata*. Neno moja, tahajia moja, maana mbili. La kwanza ni kila kinyonga tangu bibi zetu. La pili ni ukoo mmoja ulioandikishwa. Mtoto wa shule anayesimama mbele ya kibao hicho hana kitu cha kumwonyesha tofauti isipokuwa mlazo. Sijui lugha nyingine ambayo mlazo umebeba mzigo mzito hivyo kwa neno lake lenyewe, na nakiri kwamba nafurahi.

Na kibao hicho hakiwezi kuwa chembamba. Magamba kuna ukungu, kuna kuvu wa mbao, kuna rangi inayobanduka. Kinachobanduka kwanza ni kilicho chembamba, na vijiguu ndivyo vinavyotangulia. Kwa hiyo unene unatakiwa na hali ya hewa, upeku unatakiwa na brashi na patasi, mlazo unatakiwa na sayansi. Sifa tatu ambazo kwenye bango la ofa ni mbwembwe, hapa kila moja ina sababu yake.

Hapa sasa ule mwinamo wa nyuzi 8 haufai. Ukiwa mezani unauona. Ukiwa njiani, umebeba mzigo, huuoni. Chukueni fonti ambayo mlazo wake umebadilisha umbo la herufi, si ulioegemezwa tu, na hatari ya a kuwa o itibuni kwa kuongeza ukubwa. *multituberculata* ni herufi 16, haliingii kwenye kibao cha upana wa kiganja, basi msilibane. Pasueni mbao pana zaidi. Wala msiandike jina la kisayansi lote kwa herufi kubwa. Desturi yake ni herufi kubwa kwenye jenasi peke yake, na kibao kinachosema KINYONGA KINYONGA MULTITUBERCULATA kinafanana na mtu mwenye kigugumizi anayepiga kelele. Na mstari wa juu usimame wima. Mlazo hauonekani mpaka pawe na kilichosimama karibu yake. Frutiger alilijua hilo, ndiyo maana katika Univers aliziweka sura kwa namba za jamaa moja, 65 ikiwa nene iliyosimama na 66 nene iliyolala. Mkiinunua 66 bila 65 mmenunua ngazi bila ukuta.

Matumizi mengine nayapita haraka. Jezi za mpira na kurasa za michezo: sawa, mwendo upo, maneno ni mafupi. Jina la kitabu ndani ya kichwa cha habari: ndiyo. Neno moja la bei kwenye tangazo: nitafumba macho. Aya nzima: hapana, hata ikiwa mistari minne, kwa sababu jicho linachoka kama mguu unaotembea ubavuni mwa mlima bila njia. Maelezo ya dawa, fomu za mahakama, bodi za kilomita: hapana kabisa. Na magari, nimekwisha kusema. Fundi anayetaka kuendelea kulaza alaze upande wa dereva, na upande wa mlango asimamishe, ili abiria wa Mombo waone gari linalokwenda Lushoto.

Nimekuja na vibao viwili vya kinyonga, vimeegemezwa pale nje karibu na mlango. Kimoja nimekichapa kwa mlazo wa bandia wa kompyuta, kingine kwa mlazo uliochorwa. Sikuviandika namba. Mkitoka, simameni hatua kumi, msisogee karibu, mtazame ni kipi ambacho Kinyonga wa pili anaonekana amelala bila ninyi kuambiwa. Hicho ndicho nawaomba mafundi wa hapa mkipeleke Magamba.